Maoni: Tuyaache mafunjo chini ya bomba



Ukifika kwenye bomba letu saa moja asubuhi, kabla foleni ya madumu haijawa ndefu, tazama chini. Usitazame maji yanayoingia dumuni, tazama yale yanayomwagika. Yanapita juu ya sementi, yanaanguka ukingoni, yanachimba mfereji mdogo, na hatua kumi mbele yanatuama. Bata wanaoga hapo. Watoto wanakanyaga hapo pekupeku. Mama anayesubiri zamu yake anasuuza nepi ya mtoto hapo hapo, kwa kuwa hana pengine. Kila mmoja wetu amewahi kusema, "Hii ni kazi ya kamati ya maji," kisha akabeba dumu lake akaenda zake.

Zamani mahali hapo palikuwa na majani marefu ya majimaji: mafunjo machache, ndago wakubwa na matete. Leo hakuna. Tuliyafyeka sisi wenyewe katika siku za usafi. Na mimi ninayeandika maoni haya nilikuwa mmoja wa waliopita bloku kwa bloku na kipaza sauti wakisema: fyekeni majani yote yaliyo karibu na maji, ndiko mbu wanakojificha. Mlitusikia, mkaja na mapanga, mkafyeka vizuri sana. Naandika leo kusema kwamba nusu ya maneno yale haikuwa sahihi, na tunapaswa kuirekebisha kabla mvua haijaanza.

Kabla ya kuja kambini niliishi Kampala, katika chumba cha kupanga Namuwongo, karibu na reli. Wengi wenu mmepita Kampala na mnaijua Namuwongo. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kinamasi cha Nakivubo, mafunjo marefu kuliko mtu mara mbili, ambayo Waganda wanayaita ebitoogo na Wanyarwanda wanayaita urufunzo. Sisi wapangaji tuliyaona kama pori tu. Tulitupa takataka huko. Sikujua kwamba pori lile lilikuwa likifanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya mji mzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mfereji wa Nakivubo unakusanya maji ya mvua ya katikati ya Kampala, maji ya mitaro ya vitongoji, na maji yanayotoka kwenye mtambo wa majitaka wa Bugolobi. Unapita kando ya soko la Owino, unakata eneo la viwanda, kisha unaingia kwenye kinamasi kile. Mwisho wa kinamasi ni Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, kilomita chache tu mbele, ndiko pampu za Ggaba zinakovuta maji ya kunywa. Kwa miaka mingi karibu maji yote ya mabomba ya Kampala yalitoka Ggaba. Yaani mji ulikuwa unamwaga maji yake machafu upande mmoja wa karai na kuchota ya kunywa upande wa pili. Katikati kulikuwa na mafunjo.

Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake, wakifanya kazi na shirika la uhifadhi la IUCN, walikaa chini wakapiga hesabu ya thamani ya kinamasi cha Nakivubo. Walikuta kwamba kinamasi kile kinaufanyia mji kazi ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka, hasa kwa kusafisha maji yanayoingia ziwani. Hakuna aliyekuwa analipwa mshahara huo. Mafunjo yalikuwa yanafanya kazi kwa kujitolea, kama wahudumu wetu wa afya wa vijiji.

Lakini watu wanahitaji kula, na ardhi ya mji ni ghali. Sehemu ya juu ya kinamasi ilikatwa. Mahali pa mafunjo pakapandwa magimbi na miwa, kisha vikaja viwanda, gereji na nyumba. Maji ya ghuba yakaendelea kuchafuka, na kuyasafisha pale Ggaba kukahitaji dawa nyingi zaidi. Hatimaye shirika la maji la taifa lilijenga mtambo mpya mkubwa Katosi, wilaya ya Mukono, mbali na ghuba ile. Mtambo wa namna hiyo hujengwa kwa mikopo ya mamilioni mengi. Sisemi kwamba mafunjo peke yake yangeuokoa mji unaokua kwa kasi ile, maana hakuna kinamasi kinachoweza kubeba uchafu usio na kikomo. Nasema tu kwamba kitu kilichokuwa kinafanya kazi bure kiliondolewa, na baadaye kazi ile ile ikalipiwa.

Sasa utaniuliza: Nakivubo ni kinamasi cha kilomita za mraba kadhaa, kinahusiana nini na kidimbwi cha bomba letu? Kinahusiana, kwa sababu mmea ni ule ule na kazi ni ile ile. Watafiti wawili wa Uganda, Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, walichunguza kinamasi cha Nakivubo kwa miaka kadhaa na kutoa matokeo yao mwaka 1999. Jambo moja walilolikuta linatufaa sana hapa. Ndani ya kinamasi kuna sehemu za mafunjo, na kuna sehemu za nyasi nyingine ngumu iitwayo Miscanthidium. Sehemu za mafunjo zilisafisha maji vizuri zaidi. Sababu mojawapo ni mizizi. Mizizi ya mafunjo inaning'inia ndani ya maji kama nyuzi za mopu, na maji yanapita katikati yake. Ile nyasi nyingine inatengeneza zulia nene lililoshikana, na maji machafu yanapita chini yake bila kuguswa.

Kumbe si suala la kuwa na majani tu. Maji lazima yapite polepole kwenye mizizi. Mizizi inachuja tope, vijidudu vingi vinanasa hapo na kufa kwa muda, na ile mbolea iliyomo katika maji ya kuogea na kufulia inakuwa chakula cha mmea. Nyakati za mvua kubwa majani yanayapunguza maji mbio, udongo hauchimbwi, na maji yanapata nafasi ya kuzama. Tazama njia ya kwenda zahanati ilivyochimbika, halafu uniambie kama maji yetu hayana mbio.

Sasa nije kwenye mbu, maana najua ndilo swali la kwanza la akina mama.

Mbu aenezaye malaria kuliko wengine katika nchi hizi, yule aitwaye Anopheles gambiae, hapendi kivuli cha mafunjo. Anapenda kidimbwi kidogo kilicho wazi, chenye jua, kama nyayo ya ng'ombe au kile kidimbwi chetu cha bomba baada ya kufyekwa. Jambo hili si geni. Karibu mwaka 1960 mtaalamu wa wadudu Lameck Goma, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Zambia, alichunguza mbu wa vinamasi vya mafunjo hapa Uganda na jinsi shughuli za watu zinavyowabadilisha. Na mwaka 2000 Kim Lindblade na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa Kabale. Walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo ambavyo havijaguswa na vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyokaushwa na kulimwa. Penye mashamba, joto lilikuwa juu kidogo, na mbu wa gambiae walikuwa wengi zaidi ndani ya nyumba. Walioondoa mafunjo hawakuondoa malaria.

Hata hivyo nisije nikakosea upande wa pili kama nilivyokosea wa kwanza. Yuko mbu mwingine wa malaria, Anopheles funestus, ambaye anapenda hasa maji ya kudumu yenye majani. Na penye maji machafu yaliyotuama wanazaliwa mbu wengine wanaotunyima usingizi. Konokono wa kichocho nao wanapenda maji yaliyotulia yenye mimea. Kwa hiyo siwaambii mtengeneze bwawa. Ninachosema ni kishimo kifupi chenye mafunjo na ndago, ambacho maji yanaingia, yanapita kwenye mizizi, na yanazama ardhini ndani ya siku moja au mbili. Yai la mbu linahitaji kama wiki moja au zaidi kuwa mbu anayeruka. Maji yakizama kabla ya siku tatu, mbu hana shule. Na chandarua kinabaki pale pale kitandani, msije mkasema gazeti limewaambia mkitoe.

Wazee waliokuwa Goma mwaka 1994 wanajua maana ya ardhi isiyopokea maji. Pale kambini chini kulikuwa na mwamba wa volkano, jembe halikuingia, vyoo havikuchimbika, na karibu watu elfu 50 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara. Sisi Mungu ametupa udongo. Ni aibu kuacha maji yatuame juu ya udongo unaoweza kuyameza.

Jinsi ya kufanya si ngumu, na sitaki kuifanya ionekane ngumu. Kwanza jaribu udongo wako. Chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, mwaga dumu moja la lita 20, rudi kesho yake asubuhi. Kama maji yameisha, mahali panafaa. Kama bado yapo, udongo ni mfinyanzi mno; hapo usichimbe shimo, chimba mfereji mrefu na mpana usio na kina, ili maji yatandazike. Mahali pawe chini ya bomba na si juu yake, na pawe mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 au zaidi. Kina cha kishimo kisizidi shibiri moja na nusu. Pale maji yanapoingilia weka mawe, yavunje nguvu.

Mbegu usinunue. Nenda kwenye mtaro wa barabara penye ndago, chimba kishina kimoja pamoja na mizizi na tope lake, kata majani yabaki urefu wa kiganja, kipande mwanzoni mwa mvua. Hatua moja baina ya shina na shina inatosha, yatajaza yenyewe. Mafunjo hasa yanataka unyevu wa mwaka mzima, hivyo yaweke pale karibu na mdomo wa maji. Ndago na nyasi za kinamasi zinazovumilia ukavu ziweke pembeni. Wazee wanajua kila mmea hapa kuliko mimi, waulizeni. Ila msivamie kinamasi kikubwa cha wenyeji kwa majembe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inasema vinamasi vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Sisi ni wageni. Shina kumi kutoka mtaroni zinatosha, hakuna haja ya kwenda kugombana na majirani.

Mbuzi watakuja. Weka miiba mpaka majani yashike.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kukata. Mafunjo yakinywa uchafu yanaugeuza kuwa shina na majani. Ukiyaacha yazeeke, yaanguke na kuoza mle mle, uchafu unarudi ndani ya maji, na umefanya kazi bure. Ni lazima yavunwe. Mara mbili kwa mwaka kata sehemu moja, acha nyingine, miezi ijayo kata ile uliyoiacha. Na unapokata usichome moto. Kampala akina mama wa kando ya kinamasi wanayaanika mafunjo na kufuma mikeka na viwambo vya kuzungushia vibanda. Hapa mabafu yetu mengi yamezungushiwa maturubai yaliyochanika, mtu anaoga huku akichungulia kama anachunguliwa. Kiwambo cha mafunjo kingemsitiri. Hapa ndipo kufyeka na kuvuna vinapotofautiana: mfyekaji huondoa hadi mizizi na kuacha uwanja wazi, mvunaji huacha shina lichipue.

Nalijua jambo linalowakaa moyoni, na sitalikwepa. Tangu mgao wa chakula ulipoanza kupunguzwa mwaka 2020, kila kipande chenye unyevu kinatazamwa kwa jicho la jembe. Mama mmoja wa bloku yetu alinijibu waziwazi: "Mwanangu, mafunjo hayapikwi. Magimbi yanapikwa." Sikuwa na jibu la haraka. Mtu mwenye watoto wanne na kopo moja la maharage hawezi kuambiwa apande maua.

Nilifikiri kwa siku kadhaa, na jibu langu ni hili, mama, kama unasoma au unasomewa. Magimbi yaliyopandwa ndani ya maji ya nepi na ya sabuni yanashikwa na mikono ileile inayomenya na kulisha. Mkulima mwenyewe anasimama humo bila viatu. Namuwongo niliwaona waliolima magimbi katika maji ya mfereji. Miguu yao ilikuwa na vidonda na watoto wao walikuwa na minyoo, na chakula kile walikiuza sokoni zaidi ya kukila. Tena magimbi huvunwa kwa kung'olewa, na kila yanapong'olewa tope lote lililonaswa linachafuka upya na kwenda na maji. Kwa hiyo tupange hivi: kwenye kishimo chenyewe mafunjo na ndago, na pembeni juu yake, hatua mbili tatu kutoka ukingoni, ndizi na maboga. Unyevu unaozama unafika kwenye mizizi ya ndizi chini kwa chini, na hakuna anayekula kilichokaa ndani ya maji machafu. Sukuma na mchicha vinavyoguswa na maji hayo visiliwe vibichi wala kupandwa humo. Ndizi moja haiwezi kuziba pengo la mgao, najua. Lakini kuharisha pia kunakula chakula: mtoto anayehara anatoa kile kidogo alichopewa.

Nyoka? Ndiyo, watu wanaogopa nyoka, na wana haki. Njia ya kwenda bombani ifyekwe upana wa watu watatu, na majani yaanze baada ya hapo. Kishimo kisiwe mahali ambapo mtoto hupita peke yake usiku. Na maji ya choo yasiingizwe humo hata kidogo. Mafunjo ya Nakivubo hayakuyafanya maji kuwa ya kunywa, yaliyapunguzia uchafu tu. Maji ya kunywa ni ya bombani, katika dumu lililooshwa na kufunikwa.

Kwa wenzangu tunaohamasisha afya, nina neno moja. Katika ratiba ya siku ya usafi bado kuna mstari unaosema kufyeka majani yote kuzunguka vyanzo vya maji. Naomba mstari huo ubadilishwe usome: kufukia madimbwi yaliyo wazi, kuzibua mitaro, na kuvuna majani ya kishimo bila kuyang'oa. Ni maneno machache, lakini vijana wenye mapanga hufuata kile kilichoandikwa. Na viongozi wa bloku wasisubiri mradi. Mradi ukija na mawe na sementi tutashukuru, lakini shina la ndago halihitaji kusainiwa na mtu.

Bloku yetu imekubaliana kuanza na bomba moja, lile la karibu na shule, kwa kuwa ndilo lenye kidimbwi kibaya kuliko yote. Tutachimba Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuanza. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye shina moja la ndago alilete likiwa na tope lake ndani ya mfuko. Yule mama wa magimbi amesema atakuja kutazama tu, na kwamba ataleta mche mmoja wa ndizi, kuona kama nilichosema ni kweli.